MIPANGILIO YA PROGRAMU ZA CHAMA: IWEKWE WAPI, NA NANI AIBADILI?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wilaya za Mbulu na Hanang



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umefundishwa katika semina za ushirika kwa miaka mingi, wala hakuna katibu asiyeujua. Lakini daftari la leo limebadilika sura. Katika vyama vya mazao na vyama vya akiba na mikopo, hesabu ambazo zamani zilifanywa kwa kalamu sasa nyingi hufanywa na programu ya kompyuta au ya simu. Karani hupima mzigo, huingiza uzito, na mashine hutoa stakabadhi yenye bei, makato na malipo ya mwanachama. Kazi imekuwa nyepesi. Hata hivyo, liko swali moja ambalo kila chama hakina budi kulijibu kabla msimu haujafunguliwa: kile kiwango ambacho mashine hukitumia kukata fedha ya mwanachama kimeandikwa wapi, na ni nani mwenye uwezo wa kukibadili?

Mazungumzo haya yanahusu swali hilo. Yafaa lifahamike kwa wote, kwani si la mafundi peke yao. Fundi anajua namna ya kuweka kiwango ndani ya mashine, lakini kiwango chenyewe ni mali ya mkutano mkuu.

Mpangilio ni nini

Programu yoyote ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maagizo, yaani msimbo ulioandikwa na fundi: pokea uzito, zidisha kwa bei, ondoa makato, chapa stakabadhi. Sehemu ya pili ni thamani ambazo maagizo hayo huzitumia: bei ni shilingi ngapi, makato ni kiasi gani, printa gani itumike, nywila ya kuingilia katika akaunti ni ipi. Thamani hizo za sehemu ya pili ndizo ziitwazo mipangilio.

Mfano ulio karibu ni mizani ya chama. Kila mizani ina mahali pa kurekebishia ili isome sawasawa. Hakuna anayeilaumu mizani kwa kuwa na mahali hapo, kwa maana bila hapo isingeweza kusahihishwa ikipotoka. Lakini Wakala wa Vipimo huikagua, huigonga muhuri na kuifunga kwa lakiri, ili asiwepo mtu wa kuigusa pasipo kujulikana. Mwanachama aletaye mbaazi kutoka Basotu au vitunguu saumu kutoka Bashay haijui mizani ilivyoundwa ndani; anaiamini kwa sababu ya lakiri ile.

Mipangilio ya programu ni mahali pa kurekebishia pasipo na lakiri. Mizani ikipunguza kilo moja katika kila gunia, watu watalalamika siku hiyo hiyo. Programu ikikata shilingi kumi zaidi kwa kila kilo, huenda msimu ukaisha kabla hajatokea mtu wa kukaa na kuhesabu. Kwa hiyo lakiri ya programu hapana budi iwekwe na chama chenyewe, kwa utaratibu wake.

Viwango havikai mahali pamoja

Yuko atakayeuliza: kwa nini fundi asiandike viwango vyote ndani ya msimbo, mambo yakaisha? Jibu ni kwamba viwango hubadilika, na aghalabu hubadilishwa na watu walio mbali na fundi huyo.

Historia ya nchi inatoa mifano mingi. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa mwaka 1998 kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashushwa kuwa asilimia 18. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulikuwa na kiwango cha juu cha asilimia 5. Mwaka 2017 kiwango hicho kikashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Hata mambo yanayodhaniwa kuwa ya kudumu hubadilika: mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha, na kila karatasi iliyochapwa jina la mkoa wa zamani ikawa haifai tena.

Ndani ya chama mabadiliko ni ya mara kwa mara zaidi. Mkutano mkuu hupitisha makisio ya mapato na matumizi, pamoja na ukomo wa madeni, kila mwaka. Thamani ya hisa na kiingilio huweza kupandishwa. Kwa mazao yanayouzwa mnadani chini ya utaratibu wa stakabadhi za ghala, bei ya mnada mmoja si bei ya mnada unaofuata. Chama ambacho programu yake haina namna ya kupokea mabadiliko hayo kitabaki kumsubiri fundi aje kutoka Arusha au Dar es Salaam, na mzigo hausubiri.

Mahali patano pa kuwekea mipangilio

Mafundi wana njia kadhaa za kuhifadhi mipangilio. Zilizo kuu ni tano, na kila moja ina faida na hasara yake.

Njia ya kwanza ni kuiandika ndani ya msimbo wenyewe. Faida yake ni kwamba haipotei wala haiwezi kuguswa na karani. Hasara yake ni kwamba kila badiliko linamhitaji fundi, linahitaji programu kuwekwa upya katika kila mashine, na chama hakiwezi kuona kiwango kilichomo bila ya kuambiwa na fundi huyo.

Njia ya pili ni kuiandika katika faili la maandishi linalokaa kando ya programu. Programu inapoanza hulisoma faili hilo na kufuata yaliyomo. Faida yake ni wepesi: mtu hulifungua, akabadili neno moja, akalifunga. Hasara yake ni wepesi huo huo. Mtu yeyote anayeweza kuketi mbele ya kompyuta hiyo aweza kubadili makato ya wanachama wote, na faili halitasema ni nani aliyefanya hivyo.

Njia ya tatu ni kuikabidhi mipangilio kwa mazingira ya mashine, yaani kwa mfumo unaoendesha kompyuta au seva, ambao huipa programu thamani hizo kila inapowashwa. Mwaka 2011 wahandisi wa kampuni ya Heroku ya Marekani, akiwamo Adam Wiggins, walichapisha kanuni 12 za kuunda programu za mtandaoni, na kanuni ya tatu ilishauri njia hii. Walitoa na kipimo chepesi cha kukumbuka: je, msimbo wote wa programu ungeweza kutangazwa hadharani sasa hivi, bila siri hata moja kufichuka? Kama jibu ni hapana, basi siri zimeandikwa mahali pasipostahili. Hasara ya njia hii ni kwamba haionekani kwa urahisi na mtu asiye fundi, wala haiweki kumbukumbu ya mabadiliko.

Njia ya nne ni kuiweka mipangilio katika jedwali ndani ya hifadhidata ya programu, na kuiwekea ukurasa maalumu unaofunguliwa na wale walioruhusiwa tu. Hapa programu huweza kuandika nani alibadili, lini, kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani. Hasara yake ni kwamba hudai kazi zaidi ya fundi na gharama zaidi mwanzoni, na hifadhidata ikiharibika mipangilio nayo hupotea pamoja nayo.

Njia ya tano ni kuiweka yote katika seva moja ya mbali, nayo ndiyo inayogawa viwango kwa mashine za vituo vyote. Faida yake ni usawa: kiwango kikibadilishwa mara moja, vituo vyote hukipata. Hasara yake ni mtandao. Kituo cha ununuzi ambacho mtandao wake hukatika mvua ikinyesha hakiwezi kuacha kununua kwa sababu seva haijibu. Programu inayofuata njia hii ni lazima iwe na uwezo wa kutunza viwango vya mwisho ilivyopokea na kuonyesha tarehe yake, ili karani ajue anatumia viwango vya siku gani.

Kanuni: mpangilio umfuate mwenye mamlaka

Baada ya kuzisikia njia hizo tano, wengi huuliza ipi ni bora kuliko zote. Ukweli ni kwamba chama kikichagua njia moja na kutupia humo kila kitu, kitajuta. Kanuni ifaayo ni hii: kila mpangilio uwekwe mahali ambapo mwenye mamlaka ya kuubadili aweza kuufikia, asiyekuwa nayo asiweze, na badiliko liache alama. Kwa kufuata kanuni hiyo, mipangilio ya chama hugawanyika katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni maamuzi ya wanachama, ya bodi na ya sheria. Humu mna makato ya chama, ushuru wa halmashauri, bei, thamani ya hisa, riba ya mikopo na kiwango cha juu cha mkopo. Mahali pake ni jedwali la hifadhidata. Mtu mmoja aingize, mwingine aidhinishe, na kila badiliko liandikiwe namba ya muhtasari wa kikao kilichoamua. Chama kidogo chenye kompyuta moja nacho chaweza kufanya hivyo: katibu anaingiza, mwenyekiti anaidhinisha, kila mmoja kwa nywila yake. Katibu anayempa karani nywila yake amemkabidhi pia kalamu ya kutia sahihi.

Fungu la pili ni mambo ya mashine yenyewe: jina la printa, upana wa karatasi ya stakabadhi, waya unaounganisha mizani ya kielektroniki, folda ya kutunzia nakala. Haya hutofautiana kati ya mashine ya Dongobesh na ile ya Haydom, wala hayamhusu mwenyekiti. Mahali pake ni faili la kando, katika kila mashine, na karani au fundi awe na ruhusa ya kuyarekebisha. Haifai kuitisha bodi kwa sababu ya printa.

Fungu la tatu ni siri: nywila za hifadhidata, funguo za kuunganisha programu na benki au na kampuni ya simu. Hizi zisiandikwe ndani ya msimbo, zisiwekwe katika faili la kawaida, zisitumwe katika kundi la WhatsApp la bodi, wala zisinukuliwe katika muhtasari. Zikabidhiwe kwa mazingira ya mashine, na nakala yake iliyoandikwa itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa ndani ya kasha la fedha, ikiwa na sahihi juu yake. Kadhalika, nywila ambayo programu ilikuja nayo kutoka kwa muuzaji ibadilishwe siku ya kwanza, kwa sababu nywila hiyo inajulikana na kila aliyenunua programu kama hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakitaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Na taarifa za wanachama haziwezi kulindwa ikiwa ufunguo wake umeachwa mlangoni.

Fungu la nne ni mambo yasiyobadilika. Tani ni kilo 1,000, na hakuna mkutano mkuu utakaoamua vinginevyo. Mambo hayo yabaki ndani ya msimbo. Wako wauzaji wanaojisifu kwamba katika programu zao kila kitu chaweza kubadilishwa. Hiyo si sifa. Kila mahali pa kurekebishia ni mahali pa kukosea, na programu yenye mipangilio mia tatu haina katibu awezaye kuikagua yote. Mpangilio usio na mwenye mamlaka ya kuubadili haufai kuwapo.

Tarehe ya kuanza, jina na kipimo

Liko kosa moja ambalo huweza kukiletea chama ugomvi hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu. Ni kosa la kufuta kiwango cha zamani na kuandika kipya juu yake.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba chama kinakata shilingi 30 kwa kilo ya mbaazi hadi tarehe 30 Juni, na mkutano mkuu umeamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai makato yawe shilingi 40. Mwanachama alileta kilo 400 tarehe 28 Juni. Alikatwa shilingi 12,000, naye anayo stakabadhi yake. Mwezi Agosti mkaguzi anaomba orodha ya msimu. Programu, ambayo inajua kiwango kimoja tu cha leo, inahesabu upya na kuonyesha kwamba mwanachama huyo alikatwa shilingi 16,000. Tofauti ni shilingi 4,000. Wakiwa wanachama 250 wa namna hiyo, tofauti inakuwa shilingi 1,000,000.

Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini karatasi ya mwanachama inasema hivi, taarifa ya chama inasema vile, na fedha iliyoko benki haikubaliani na taarifa. Mkaguzi wa COASCO atahoji, na hilo ndilo jukumu lake. Wanachama watasema katibu amekula, na katibu hatakuwa na la kujitetea, kwa sababu kiwango cha zamani kimefutwa na hakuna mahali kilipoandikwa.

Dawa yake ni nyepesi. Kiwango kisifutwe kamwe. Kila kiwango kiandikwe pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, na kiwango kipya kiongezwe chini ya cha zamani, kama ilivyokuwa katika leja ambayo karani mwema hakuruhusiwa kukwangua maandishi kwa wembe. Programu inapohesabu mzigo wa Juni itafute kiwango cha Juni. Inapohesabu wa Julai itafute cha Julai. Mkutano ukiamua mwezi Aprili kiwango cha Julai, katibu aweza kukiingiza mapema, nacho kikaanza chenyewe tarehe ikifika.

Jambo la pili la kuangaliwa ni jina na kipimo. Mpangilio ulioandikwa «Ushuru: 3» ni mtego. Je, ni asilimia 3, au ni shilingi 3 kwa kilo? Fundi mwingine huandika asilimia 3 kama 0.03, na karani asiyejua akaandika 3. Mashine itaelewa asilimia 300. Mpangilio mzuri hujieleza: «Ushuru wa halmashauri, asilimia ya bei: 3». Aidha, programu iwekewe mipaka. Ikiwa mkutano mkuu haujawahi kupitisha makato ya zaidi ya shilingi 100 kwa kilo, programu ikatae kupokea 400 pale mtu alipokusudia kuandika 40, au walau isimame na kuuliza.

Yaliyowapata wakubwa

Asidhani mtu kwamba makosa ya mipangilio ni ya vyama vidogo vya vijijini peke yake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya iliyokuwa imewekwa katika seva zake. Seva zilikuwa nane. Saba zikapata programu mpya, ya nane ikasahauliwa. Wahandisi walikuwa wameitumia swichi moja ya zamani kwa kazi mpya. Swichi hiyo ilipowashwa, seva saba zilifanya kazi mpya, nayo ya nane ikaamsha kazi ya zamani iliyokuwa imeachwa kwa miaka mingi, ikaanza kununua na kuuza pasipo kikomo. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 400, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Wengi wa wilaya hizi wanaikumbuka siku hiyo, kwani ujumbe haukwenda wala haukurudi. Chanzo hakikuwa moto wala adui. Mafundi walitoa amri wakati wa matengenezo, amri hiyo ikabadili mipangilio ya mitambo inayounganisha vituo vyao, na chombo kilichopaswa kuikagua amri hiyo kabla haijatekelezwa kilikuwa na kasoro, hakikuizuia.

Mafunzo yake kwa chama cha msingi ni matatu. Kwanza, mashine zote za chama zipokee badiliko pamoja. Chama chenye vituo viwili kisiwe na kimoja kinachokata shilingi 30 na kingine shilingi 40, kwa maana wanachama watazungumza njiani. Pili, badiliko lijaribiwe kwanza kwa mzigo wa mfano, na hesabu yake ithibitishwe kwa kalamu kabla ya kutumika kwa mzigo wa mtu. Tatu, iwepo njia ya kurudi nyuma: viwango vya jana vijulikane, ili badiliko likienda mrama mashine zirejeshwe katika hali ya jana bila kumsubiri fundi.

Nakala na karatasi ya ubaoni

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani, watu wakapoteza maisha, na nyumba na mali zikaharibiwa. Msiba ule uliwakumbusha wote kwamba kitu kilichotunzwa mahali pamoja huweza kwenda chote kwa saa moja. Kompyuta ya chama, nakala yake na leja za karatasi zikiwa katika chumba kimoja, hizo si nakala tatu, ni moja. Nakala ya mipangilio, ya fungu la kwanza na la pili, itolewe kila badiliko linapofanyika na itunzwe mahali pengine, mathalani katika Chama Kikuu. Nakala ya taarifa za wanachama isiyofuatana na mipangilio yake ni nusu ya nakala, kwa sababu uzito upo lakini bei na makato hayapo.

Jambo moja zaidi halihitaji fundi wala gharama. Kila msimu unapofunguliwa, na kila kiwango kinapobadilishwa, katibu achape kutoka ndani ya programu karatasi moja yenye mipangilio yote ya fungu la kwanza: jina la kiwango, kipimo chake, kiasi, tarehe ya kuanza na namba ya muhtasari. Mwenyekiti na katibu waitie sahihi, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na mizani, na nakala yake itiwe jaladani. Mwanachama aliyesimama kwenye foleni ailinganishe na stakabadhi yake. Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Karatasi hiyo ndiyo lakiri ya programu, na ina nguvu kuliko nywila yoyote, kwa maana inaangaliwa na watu wengi. Ikumbukwe kwamba karatasi ichapwe na programu yenyewe. Iliyoandikwa kwa mkono inaonyesha tu kile ambacho katibu anaamini kimo ndani ya mashine.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Bodi inapotaka kununua programu, au kupokea iliyotolewa kwa msaada, imwulize muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe katika mkataba:

1. Ni mipangilio ipi chama chaweza kuibadili chenyewe, na ipi ni lazima fundi aitwe? Akiitwa, ni kwa gharama gani?

2. Je, kila kiwango kina tarehe ya kuanza, na viwango vya zamani hubaki?

3. Je, programu huandika jina la aliyebadili, saa na siku, na kumbukumbu hiyo yaweza kufutwa na nani?

4. Je, muuzaji mwenyewe aweza kubadili mipangilio kutoka mbali? Kama aweza, chama hujulishwaje?

5. Mtandao ukikatika, mashine hutumia viwango gani?

6. Mkataba ukiisha, chama kitapewa mipangilio yake na taarifa zake katika faili linalosomeka na programu nyingine?

Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa Kiswahili chepesi mbele ya bodi asitiliwe sahihi siku hiyo.

Hitimisho

Ushirika wa nchi hii umepita katika mambo mengi. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 ikaviweka vyama chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria na vyombo vimebadilika, lakini mwanachama bado anauliza swali lile lile alilouliza babu yake mbele ya karani: mbona umenikata kiasi hiki?

Chama chenye programu nzuri ni kile ambacho katibu wake aweza kulijibu swali hilo papo hapo, kwa kuonyesha kiwango, tarehe yake na muhtasari wa mkutano ulioamua. Makatibu wanaombwa, kabla ya vikao vijavyo vya bodi, waandike orodha ya mipangilio yote ya programu zao, na mbele ya kila mpangilio waandike jina la cheo cha mwenye mamlaka ya kuubadili. Patakapobaki mstari usio na jina la mwenye mamlaka, au wenye jina la fundi peke yake, hapo ndipo pa kuanzia kazi.